Mguu wa Shangazi Yako

Nyabiyonza, Jumamosi alasiri

Mwanangu Kemilembe,

Umekwenda Bweranyange na mama yako kumuaga shangazi yako Koku, nami nimebaki peke yangu nyumbani. Nimepata nafasi ya kuandika kabla hamjarudi. Ya neti, ya sweta, ya kuchagua marafiki, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu na sina la kuongeza hapo. Kesho unapanda basi Kayanga kwenda chuoni kusomea tiba ya viungo. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni chafu. Nataka ulipate kwangu kabla hujalikuta kitabuni.

Jumapili iliyopita, kwenye sherehe ya kukuaga, mwenyekiti wa kigango alisimama na kikombe chake cha pombe ya rubisi akasema, "Huyu binti hakuokota kipaji njiani. Amerithi mikono ya baba yake. Wenye umri wangu mnakumbuka Kamugisha alivyokuwa akirudisha mabega ya watu." Watu wakapiga makofi. Wewe ukanitazama, uso umejaa furaha. Niliinuka, nikapita nyuma ya jiko, nikaingia kibanjani kati ya migomba, nikatapika hadi nyongo. Ulinifuata ukauliza, "Baba, unaumwa?" Nikakwambia ni maharage. Hayakuwa maharage. Nilikuwa nimekaa mbele ya watu, nimevaa koti, napokea sifa za kazi ninayoionea kinyaa kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, na sikufungua mdomo.

Unajua kwamba ujanani nilifanya kazi buchani. Aliyechinja alikuwa mzee mmoja Mwislamu, mtu wa taratibu. Mimi nilichuna na kukata. Kazi ile inakufundisha viungo upende usipende. Asiyejua hupigana na mfupa kwa shoka na kuharibu nyama. Anayejua hutafuta mahali mifupa inapokutana, anapitisha ncha ya kisu, anakata zile kano nyeupe zinazong'aa, na paja linaachia lenyewe. Nilijua kwamba nyonga ni kikombe chenye tufe ndani, na kwamba kuna kano fupi inayoviunganisha. Nilijua kano mbili zilizopishana katikati ya goti. Nilijua gegedu linavyoteleza chini ya kidole, na ute wa kiungo unavyovutika kama ute wa yai. Majina sikuwa nayo, lakini mikono ilijua.

Siku moja mtu aliyekuwa akichuma kahawa alianguka, bega likatoka. Wakamleta buchani kwa sababu ndipo palipokuwa karibu. Nikamlaza kwenye benchi, nikaweka kisigino changu kwapani mwake, nikavuta mkono wake polepole. Bega likarudi kwa mlio, akainua mkono, na waliokuja kununua nyama wakashangilia. Kuanzia hapo wakaanza kuja. Vifundo vilivyoteguka, vidole, viwiko. Wengi wangepona hata wangeachwa walale tu, lakini niliwapaka mafuta ya ng'ombe, nikawakanda, na walipopona nikapokea shukrani. Wakaniita daktari. Mwanzoni nilikuwa nakataa jina hilo huku nacheka. Baadaye nikaacha kukataa. Baadaye zaidi, mtu akiniita Kamugisha tu nilikuwa naona amenivunjia heshima.

Ninapokumbuka kiburi kile nasikia kuchefuka. Nilijua viungo vya ng'ombe aliyekwisha kufa. Kiungo cha mfu hakivimbi, mwanangu. Hakina damu inayotaka kupita kwenda mbele. Nilijua mifupa inavyoachana, na nikadhani ni sawa na kujua inavyoishi pamoja.

Shangazi yako alikuwa na miaka ishirini na tatu, ameposwa, na mahari imekwisha kupokewa. Wewe hujazaliwa. Ilikuwa masika, njia zinateleza, naye alikuwa anashuka kutoka kibanja cha juu na mkungu wa ndizi kichwani. Akateleza. Mkungu ulikwenda upande wake na mguu ukabaki chini yake. Tulipofika, kifundo cha mguu kilikuwa kimeelekea nje, ngozi imevutika mpaka inang'aa.

Aliyemfikia kwanza hakuwa mimi. Alikuwa jirani yetu, mama Nyamwiza, mama kwa heshima tu, mjane aliyekuwa akiishi peke yake chini ya kilima. Alikuwa ameketi matopeni, ameshika vidole vya mguu wa Koku mkononi mwake.

Akaniambia, "Mpelekeni hospitali. Vidole vina baridi."

Nikamjibu, "Mama, hii kazi naijua."

"Sisemi huijui. Nasema vina baridi."

Sikuvishika hata hivyo vidole. Mtu mwenye akili angevishika. Mimi niliona mwanamke anayelima mihogo ananifundisha kazi mbele ya watu.

Nilivuta mguu ule na kifundo kikarudi, au niliona kimerudi. Kisha nikaufunga. Wengine hufunga kwa kamba za mgomba. Mimi, kwa kuwa nilikuwa daktari, nilikuwa na njia yangu: vipande vinne vya mti, na juu yake kanda za ngozi mbichi ya ng'ombe iliyochunwa asubuhi ile. Ngozi mbichi ikikauka hukaza. Hilo ndilo nililolipenda. Nilikuwa nawaambia watu, "Funga kwa kamba, italegea. Funga kwa ngozi, inakaza yenyewe kila saa." Nilisema hivyo kwa majivuno. Soma tena sentensi hiyo, Kemi, wewe unayekwenda kusoma, uone mtu alijisifia kitu gani.

Siku ya pili Koku alilia mchana kutwa. Nikamwambia avumilie, kano zinarudi mahali pake. Jioni akaniambia, "Kaka, siusikii mguu." Nikamwambia, "Ndiyo kupona huko." Siku ya tatu maumivu yakaisha kabisa, nikamwita bibi yako aje aone. Tukafurahi. Bibi yako akanipikia kuku.

Mama Nyamwiza alikuja siku hiyo hiyo. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni akasema, "Fungua, mwanangu. Legeza hata kidogo tu, halafu ufunge tena."

Nikamuuliza mbele ya bibi yako na wanawake wengine wawili, "Wewe umejifunza wapi haya?"

Akasema, "Nilimfunga mbuzi mguu kwa kamba nikamsahau siku mbili."

Wanawake wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Nikamwambia dada yangu si mbuzi. Akaondoka.

Siku ya tano ikaja harufu. Hapa ndipo ninapotaka kuruka mistari, kwa hiyo sitaruka. Mtu aliyefanya kazi buchani miaka sita anaijua nyama iliyoanza kuharibika kabla ya inzi. Nilijua. Nilipoinama tu mlangoni nilijua. Bibi yako akauliza, "Ni nini kinanuka?" Nikamwambia ni ngozi, ngozi mbichi hunuka ikikauka. Nikachoma majani ya mkaratusi chumbani kuficha harufu, nikatoka nje, nikakaa siku nzima na usiku mzima nikiwa najua. Sikumwogopa Mungu wala sikumwogopa Koku. Niliogopa kuonekana.

Siku ya sita nilizikata zile kanda kwa kisu. Zilikuwa zimezama ndani ya nyama, ikabidi nizitoe mojamoja. Chini yake mguu ulikuwa mweusi, umelowa, na ngozi ikaja pamoja na kanda. Vidole havikuwa tena vidole vya mtu aliye hai. Koku aliutazama mguu wake, kisha akanitazama mimi. Hakulia. Mpaka leo mama yako akipika kongoro mimi huondoka mezani, nanyi hudhani ni tumbo langu. Nikiona kano zile zimelegea kwenye supu, naona kazi yangu.

Hospitali waliukata chini ya goti. Daktari alitoka akauliza, "Nani alimfunga?" Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nikatazama ukuta. Nilimsikia Koku kwenye kile kitanda cha magurudumu akisema kwa sauti ndogo, "Nilifungwa nyumbani." Hakunitaja. Yule mchumba alikuja kumwona mara moja, na wiki iliyofuata wazee wake wakaja kuomba mahari irudishwe.

Ungedhani uchafu umeishia hapo. Mimi pia nilidhani.

Kijijini watu walitaka kuelewa. Kuteguka tu, na mguu mzima unakatwa? Wakaanza kukumbuka nani alikuwa wa kwanza kuushika. Nani alisema vidole vina baridi kabla mtu mwingine hajaona chochote. Nani alirudi mlangoni siku ya tatu akataka ufunguliwe. Mjane, hana watoto, anaishi peke yake. Wakanijia wanaume watatu, nami nimekaa pale pale kibarazani ninapokaa siku zote. Mmoja akaniuliza, "Daktari, wewe unajua viungo. Umewahi kuona mguu unaoza hivi kwa kuteguka?"

Nikajibu, "Sijawahi kuona."

Ni maneno mawili tu, na ni ya kweli. Sikuwa nimewahi kuona. Nilijua wanachouliza na nilijua watakachosikia. Nikawapa. Kesho yake asubuhi tukakuta migomba ya mama Nyamwiza imefyekwa yote, mikungu michanga imelala chini, na mlango wake umepakwa kinyesi. Yeye alikuwa ndani. Alikuwa amekaa ndani usiku kucha akiwasikia.

Kaka yake alikuja na pikapu kutoka Kyerwa kumchukua. Kaka yake alikuwa mzee na mizigo ilikuwa mizito, kwa hiyo mtu mmoja akajitokeza kusaidia. Ni mimi. Nilipandisha godoro lake juu ya gari nikalifunga kwa kamba, nikajaribu fundo mara mbili lisije likafunguka njiani. Yeye akanitazama nikifunga. Akasema, "Ahsante, mwanangu." Sijui alikuwa ananidhihaki au ndivyo alivyolelewa. Nimejiuliza miaka yote hii.

Nikaacha kuvuta watu viungo. Watu walipouliza, nikasema nimeamua kumwachia Mungu. Wakaona ni unyenyekevu. Nikaenda kuungama, nikamwambia padri nimemdharau jirani, nikapewa sala za toba kwa dhambi ndogo, nikarudi nyumbani na kubwa mfukoni. Ukazaliwa. Ukakua unamjua shangazi yako na gongo lake la kutembelea na cherehani yake, na ukiuliza unaambiwa alirogwa na mama mmoja aliyehamia Kyerwa. Nilisikia bibi yako akikusimulia hayo ukiwa na miaka minne, nikaendelea kumenya ndizi.

Mwezi uliopita ulikuja na kile kitabu ulichoazima. Ulikuwa umekaa hapa mezani ukinisomea kwa sauti kwa sababu uliona nafurahia. Ukasema, "Baba, kumbe kano hazina damu nyingi, ndiyo maana zinachelewa kupona kuliko mfupa." Ukageuza kurasa. Ukasema, "Wanasema ukifunga kiungo kilichovimba, uangalie vidole. Vikiwa na baridi au ganzi, fungua upesi." Kidole chako kikabaki kwenye mstari huo. Ukaniuliza, "Shangazi vidole vyake vilikuwa na baridi?"

Nikasema, "Sikumbuki."

Ulifunga kitabu taratibu, na tangu siku hiyo hujanisomea tena. Sijui umeelewa kiasi gani. Nilijua tu kwamba nimekudanganya usoni mwako, kwa mdomo ule ule wa kibarazani.

Wiki iliyofuata nilikwenda Bweranyange. Shangazi yako alikuwa anashona sare za kwaya. Nikakaa kwenye kile kigoda cha wateja nikamwambia yote, hata ile siku ya tano. Hakusimamisha cherehani mpaka alipofika mwisho wa mshono.

Akasema, "Kaka, nilijua tangu siku ya pili. Mguu ulikuwa wangu."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilikwambia siusikii." Akakata uzi kwa meno. "Na baadaye ningemwambia nani? Mama alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Ningesema, angekosa wote wawili."

Nikaanza kulia. Akanitazama kama mtu anayeona kitu kimemwagika sakafuni.

"Usinililie mimi," akasema. "Mimi nilikwisha kukusamehe au nilikwisha kukuzoea, sijui ni kipi. Kuna mtu mwingine. Nasikia bado yu hai."

Nikapanda bodaboda hadi Kyerwa, nikauliza, nikaonyeshwa. Mama Nyamwiza anaishi kwa mtoto wa kaka yake, chumba kiko nyuma, karibu na jiko. Nilimkuta amekaa juu ya mkeka anapepeta maharage. Magoti yake yameharibika, yamepinda na kuvimba, hawezi kusimama bila kushika ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

Nikamtajia jina langu na la baba yangu. Akaendelea kupepeta. Nikapiga magoti pale pale kwenye maganda, nikasema nilichokwenda kusema. Nilikuwa nimekiandaa njiani kote, kilikuwa kirefu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Akasema, "Umekuja kuniambia kwamba mimi si mchawi?"

"Ndiyo, mama."

"Waitu, ndugu yangu, mimi hilo nilikuwa nalijua." Akapuliza makapi. "Hapa tupo mimi, wewe na kuku. Kuku hawakunifyekea migomba. Nenda ukawaambie wasiojua."

Nikainuka, nikakung'uta maganda magotini. Nilipokuwa naondoka, kwa kutafuta neno jema la kuachia, nikamwambia binti yangu anakwenda kusomea viungo. Akauliza, "Atajifunza na magoti?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ajifunze kwanza kusikiliza wanaoumwa. Magoti yatafuata." Siongezi neno juu ya hapo; yeye amelisema vizuri kuliko mimi.

Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita. Jumapili ikaja sherehe yako. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa mbele yangu, wasiojua wote kwenye ua mmoja, na mwenyekiti akanipa mlango wazi kwa sifa zake. Nami nikakimbilia migombani. Kama unataka kujua baba yako ni mtu wa namna gani, ni huyo aliyekwambia ni maharage.

Leo asubuhi kulikuwa na mkutano wa kitongoji. Walizungumza habari ya barabara na ya choo cha shule. Mwenyekiti wa kitongoji akauliza kama kuna mengineyo. Nikasimama, nikasema. Nilisema habari ya ngozi mbichi, ya vidole, ya harufu, ya maneno yangu mawili kibarazani. Wale wanaume watatu, mmoja amekwisha kufariki. Wawili walikuwepo. Mmoja alitazama viatu vyake. Wa pili akasema, "Mzee Kamugisha, mambo ya zamani hivyo ya nini? Yule mama alishaondoka." Mwingine nyuma akasema mzee anatafuta baraka za safari ya binti yake, na watu wakacheka kidogo, kwa haya. Hakuna aliyenitukana. Ningependa wanitukane. Walikuwa wananitazama kama mtu aliyejisaidia mkutanoni, wanangoja nikae ili wasahau. Nilielewa kwamba wengi walikuwa wanajua, au walikuwa hawataki kujua, na nikaona kinyaa si juu yangu peke yangu bali juu yetu sote tuliokaa kwenye mabenchi yale, watu wa sala na heshima.

Mwenyekiti akasema, "Tumekusikia, mzee. Tufunge kikao."

Nikasema, "Naomba iandikwe kwenye muhtasari."

Katibu, yule dada anayefundisha chekechea, akainua kalamu. "Niandike nini, mzee?"

"Andika kwamba Nyamwiza hakumroga mtu. Andika kwamba Kamugisha ndiye aliyefunga."

Akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama pembeni. Yule dada akaandika. Nilisimama pale mpaka alipomaliza, kisha nikamwomba asome kwa sauti, akasoma. Jumatatu nitapeleka nakala Kyerwa, nimwachie mama Nyamwiza aamue la kufanya nayo.

Sijisikii msafi, Kemi, nisikudanganye tena. Nimenawa na bado. Sitegemei mguu uote wala migomba irudi, na sijui kama wewe utanitazama tena ulivyonitazama Jumapili. Ukiacha, utakuwa na haki. Umekwenda kumuaga mwanamke uliyeambiwa uongo juu yake maisha yako yote, na njiani mkirudi mtakutana na watu waliotoka mkutanoni. Huenda umesikia tayari.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya nguo kwenye begi lako, uisome ukiwa mbali. Nikaona hiyo nayo ni janja yangu ile ile. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukiingia. Isome hapa hapa, mbele yangu, kisha uniulize chochote unachotaka, na safari hii nitakumbuka.

Baba yako,
Kamugisha